Chungu cha Maharage Kichwani Pangu

Mapendo,

Nani alikutuma utupe sanduku la rangi? Nakuuliza wewe, msichana mwenye akili, unayekwenda chuo kesho. Ulilitia kwenye mfuko mweusi, ukaweka maganda ya ndizi juu, ukashuka nalo ngazi polepole kama mwizi wa kuku, ukafikiri bibi yako, koko yako huyu, amekuwa kiziwi. Takataka gani hiyo inayogongana kama chupa za dawa? Nilikusikia. Nilinyamaza mpaka ukaondoka na baba yako kwenda kuaga watu wa kanisa, ndipo nikavaa ndara, nikachukua mpini wa ufagio, nikaenda kwenye lile pipa kubwa nyuma ya maegesho.

Unajua pipa lile lilivyo refu. Nilipanda juu ya kreti ya soda, nikauvuta mfuko wako kwa mpini. Akapita yule jirani mwenye mbwa mweupe, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nina njaa. Ndivyo alivyoniona: bibi kizee wa Afrika, kikwembe kiunoni, takataka. Bahati yangu, yeye si mchoraji, angenichora hapohapo. Nilimjibu kwa Kiingereza changu kwamba nimeshiba tangu asubuhi, natafuta mali ya mjukuu wangu. Akaenda zake, mbwa akabaki ananiangalia.

Sanduku liko hapa mezani, nimelifuta. Rangi moja ya njano imepasuka, imemwagikia brashi zako. Hiyo ni adhabu yako, utaisafisha mwenyewe.

Ninakuandikia kwenye karatasi zako nene za kuchorea kwa sababu ndizo nilizozikuta humo sandukuni. Hazina mistari, kwa hiyo maneno yangu yanateremka kama maji ya mvua. Usicheke. Masista walinifundisha kuandika mpaka darasa la nne, baada ya hapo nyumbani wakasema inatosha, na mimi niliona haitoshi lakini nani aliniuliza. Sombe, majani yetu ya muhogo, iko motoni. Ukiona mahali nimeruka neno, ujue nilikwenda kuikoroga.

Mambo ya kufua na kupika na kulala mapema sitakuambia. Miaka yote hii nimekuambia kwa mdomo, kama hayakuingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuambia habari ya chungu.

Baba yako ameniambia kwamba umebadili mawazo, eti huko chuoni utaacha kuchora, utasomea uuguzi. Amefurahi, usimlaumu. Yeye usiku wote anapanga maboksi kule ghalani Grand Prairie, mgongo unamuuma, na akisikia neno uuguzi anaona mtoto wake amekaa kwenye kiti. Uuguzi ni kazi nzuri, Mungu awabariki wanaoifanya. Lakini wewe, Mapendo, siku nilipojikata kidole nikimenya muhogo ulianguka hapo sakafuni kabla sijasema aii. Mimi ndiye niliyekupepea, na damu yangu inatiririka. Utamuuguza nani?

Najua uuguzi huo ulizaliwa wapi. Ulizaliwa kwenye gari, njiani tukitoka Houston, kwenye mdomo wangu. Tangu siku ile unanisalimia vizuri, unaniletea chai, lakini huniangalii usoni. Na picha uliyonichora umeifunga kwa shuka na kuigeuzia ukutani nyuma ya kochi, kama mtoto aliyefanya kosa darasani.

Basi turudi Houston, tuipite siku ile tena polepole, maana wewe unaikumbuka vibaya na mimi niliisema vibaya.

Asubuhi tulikwenda kuona chuo chako. Miti mingi, vijana wamevaa kaptula, sikuona mwalimu hata mmoja mwenye fimbo. Yule mwalimu wako mpya aliiona picha yangu kwenye simu yako, picha ya koko mwenye chungu kichwani, miguu mitupu kwenye vumbi. Akaweka mkono kifuani. Alisema maneno mengi, na wewe ukanigeuzia machache kwa Kiswahili: amesema ndani ya uso huu kuna huzuni yote ya Afrika, na kwamba ulete picha yenyewe, itatundikwa mlangoni kwenye maonyesho ya wanafunzi wapya. Nilitabasamu. Nilikuwa najua jambo juu ya ile huzuni, lakini nilitabasamu.

Kisha ukanipeleka kwenye nyumba ya picha. Wewe ulikuwa na furaha kama mtu anayempeleka mgeni kwao. Tukaingia kwenye kile chumba cha wachoraji wa Ulaya wa zamani, wale wa wakati ambapo babu za babu zetu walikuwa bado vijana. Ukaniambia kwamba walichora nchi za Waarabu na Waturuki, na Afrika ile ya juu, na zote wakaziita kwa jina moja, Mashariki, kana kwamba ni mtaa mmoja. Nikaona picha moja kubwa kama mlango wa gereji. Vigae vya buluu, maji, moshi unapanda kwenye mwanga, na wanawake wamelala uchi huku na huku kama nguo zilizoanikwa. Nyuma, karibu na ukuta, mwanamke mweusi amesimama na sinia.

Mimi nilisema ukweli wangu, kwamba huyu mtu anajua kuchora. Lile sinia la shaba, Mapendo, lilikuwa linang'aa mpaka nilitaka kuligonga kwa ukucha nisikie sauti yake. Wewe ukanikasirikia. Ukaniambia nisiipende. Nikakuuliza kama kupenda nako kunataka tiketi.

Ndipo ukanieleza, tena kwa upole, kama unavyowaeleza watoto wa kanisani. Mtu huyo hakuingia humo hata siku moja. Bafu la wanawake, mwanaume gani angeruhusiwa? Wengine walisafiri kidogo wakarudi na masanduku ya nguo na mazulia na mapanga ya ukutani, wengine hawakutoka kwao kabisa. Walikaa Paris kwenye chumba chenye jiko la kuota moto, wakaita wasichana wa mtaani kwao, wakawavua, wakawalaza kwenye zulia, wakachora, wakasema tazameni, wanawake wa Mashariki wako hivi. Kilemba cha nchi hii, kigae cha nchi ile, bomba la kuvutia tumbaku la nchi ya tatu, vyote chumba kimoja. Na watu wa Ulaya walizinunua wakaweka sebuleni. Na wakati uleule majeshi yao yalikuwa yanaingia kwenye nchi hizo, na mtu akiuliza kwa nini, picha iko ukutani inamjibu: si unaona walivyolala tu, wanatungoja.

Hayo ulinifundisha wewe. Mimi sikuyajua. Nilikuwa tayari kuamini, nikasema moyoni labda wenye mali wa huko wanalala hivyo, mimi nitajuaje.

Nikakumbuka nyumba ya yule mfanyabiashara wa Uvira nilikoosha vyombo kabla sijaolewa. Waislamu, watu wa heshima, na chumba cha wanawake kilikuwa nyuma ya pazia la kijani. Siku ya kwanza kuitwa mle ndani nilifikiri nitakuta maajabu. Nikakuta mama mkubwa anachambua mchele, mdogo wake amefunga taya kwa kitambaa sababu ya jino, na mabinti wawili wanagombania betri ya redio. Nikapewa kitunguu nimenye. Nilipokusimulia hayo ulicheka mpaka yule mama mlinzi akatutazama. Ukasema, "Koko, ndiyo picha ninayotaka kuchora mimi. Jino na betri."

Neno hilo nimelitunza. Wewe umelisahau, mimi nimelitunza.

Kisha nikamsogelea yule wa sinia. Nikakuuliza anaitwa nani. Ukasoma kile kikaratasi, hakikusema. Kilitaja mchoraji, kilitaja aliyeitoa picha, yeye hakikumtaja. Nikamsalimu, habari ya kazi, mama. Ukanishika mkono tukasimama naye pale. Hiyo ilikuwa saa nzuri, Mapendo. Kama tungerudi nyumbani moja kwa moja, leo usingekuwa na maganda ya ndizi kwenye rangi.

Lakini tulikwenda kula kwa Mama Goreti.

Wewe unamjua kwenye simu tu. Mimi namjua kwa ukuta. Kule kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, nyumba yangu na yake zilikuwa na ukuta mmoja wa udongo katikati. Akikohoa, mimi naamka. Yeye Mrundi, mimi Mkongomani, yeye rozari, mimi kwaya ya kilokole, na tuligombana kwa miaka yote ile bila kuchoka, halafu siku walipompandisha basi la kwenda uwanja wa ndege, aje Marekani, nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Yeye wakamtupa Houston anatandika vitanda vya hoteli, sisi wakatutupa huku Lewisville, karibu na Dallas. Kwa hiyo tulifika, tukala maharage yake, na wewe kwa furaha yako ukamwonyesha simu, tazama nilivyomchora koko.

Akavaa miwani. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akasema, "Sha, hiki si chungu changu cha maharage?"

Na mdomo wa Mama Goreti ukifunguka haufungwi. Akakuambia yote, huku anajipigapiga mapaja. Namna nilivyokijia chungu chake maharage yakiwa ndani. Namna alivyoyamimina kwenye beseni huku ananitukana. Namna nilivyosimama nacho kichwani, juani, mbele ya mpiga picha, eti nimetoka kuteka maji, na masizi yananishukia kwenye paji la uso. Akasema, "Mtu anateka maji kwa chungu cha maharage? Sisi wote tulikuwa na bidoni za plastiki za kutekea. Hata yeye alikuwa nayo, ya njano, nzuri kuliko yangu."

Yeye alicheka. Mimi nilitazama sahani. Wewe uliniuliza kwa sauti ndogo, "Koko, kwa hiyo haikuwa kweli?"

Hukuuliza kwa ubaya. Lakini mimi mtu mwenye majivuno, unanijua, na aibu ikinishika huwa inatoka kama hasira. Niliibana mpaka tukaingia barabara kubwa, mpaka tulipojaza mafuta. Na pale, wewe umeshika usukani, nikakuambia kwamba wewe na wale wazee wa Paris ni watoto wa mama mmoja. Kwamba wamemweka yule mama na sinia, na wewe umeniweka mimi na chungu, tofauti yenu ni nini. Uliendesha mpaka Dallas hukujibu, na mimi niliona machozi yako nikajifanya nimelala.

Nilikuonea. Uliichora picha kutoka kwenye ile fotografia yangu ya kambini, nami ndiye niliyekupa. Sasa nisikilize habari yake kutoka kwangu, si kwa Mama Goreti, maana yeye alianzia kwenye chungu na haikuanzia kwenye chungu.

Ilianzia kwenye viatu.

Kule kwetu Uvira, mtu akienda kupigwa picha anajiandaa. Unasuka, unapaka mafuta, unavaa kikwembe cha Pasaka. Pale studio kulikuwa na pazia limechorwa mji wenye maghorofa na ndege inapita juu, na mpiga picha alikuazima saa ya mkononi na maua ya plastiki. Nina picha yangu moja ya namna hiyo, nimesimama na babu yako mbele ya maghorofa ambayo hatukuwahi kuyaona, saa si yangu, maua si yangu. Uongo mtupu. Lakini ulikuwa uongo wangu, nimeuchagua mimi, na nikiutazama mpaka leo naona msichana aliyetaka kufika mbali. Babu yako siku ile aliniletea viatu vyekundu vya kisigino kifupi. Tulipokimbia niliacha sufuria, niliacha mashine ya kushona, baba yako nilimfunga mgongoni, na viatu vile nikavifunga pamoja naye ndani ya kikwembe. Babu yako alicheka kwamba nimeokoa watoto wawili. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kicheko chake, maana hakuvuka nasi kuingia Tanzania.

Basi kambini wakasema Mzungu anakuja kupiga picha. Sikia ujinga wangu, na haukuwa wangu peke yangu. Wanawake wote wa mstari wetu tulijiandaa kama tulivyojiandaa nyumbani. Tuliazimana hereni. Nilivaa blauzi yangu ya kwaya, nikapaka mafuta ya taa kwenye viatu vyekundu ving'ae, nikamwogesha baba yako. Tulisimama kwenye mstari tumependeza, wewe ungetuona. Tulifikiri tunapigwa picha zetu.

Yule mtu alipotuona uso ukamwanguka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na adabu, alimpa baba yako peremende. Akasema kitu kwa mkalimani, mkalimani akaja akatuambia bila kututazama kwamba hivi hapana, watu wa kwake wakituona hivi hawatatusaidia. Wengi walikwenda zao wakitukana. Mimi nilibaki. Akaniambia nivue hereni, nikavua. Nivae kikwembe cha shambani, nikavaa. Mtoto huyu weka chini, ana mashavu. Nikamweka. Bidoni haifai, hakuna chombo cha zamani? Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mama Goreti. Nikasimama na chungu. Akatazama kwenye mashine yake, akatazama miguu yangu, akaonyesha kwa kidole.

Nikavua viatu vyangu nikaviweka pembeni, na baba yako akaviingiza mikono akawa anatembea navyo kwenye vumbi kama mbuzi.

Unajua kwa nini nilikubali? Mimi mwenyewe nimejiuliza. Si njaa, siku ile tulikuwa tumekula. Nilikubali kwa sababu mtu aliniambia mimi ni nani kwa sauti ya upole, na sauti ya upole ina nguvu kuliko ya kukaripia. Ukikaripiwa unajua kupinga. Wewe nimekulea kwa kukaripia, labda ndiyo sababu.

Hilo si kosa ninalolijutia sana. Ninalolijutia lilikuja baadaye. Fotografia nililetewa, na tulipofika huku nilikuwa nayo kwenye mfuko wa karatasi zetu. Wale akina mama waliotupokea, waliotuletea masufuria na makoti, waliikuta wakaitazama wakalia. Nikaona. Ile picha ya studio, ya maghorofa na saa, niliwaonyesha pia, wakasema nzuri, wakairudisha haraka. Nikajifunza ipi ya kutoa. Nilipotaka mtu atusikilize, nilitoa ile ya chungu. Shuleni kwenu walipotaka kitu cha kueleza mlikotoka, nilikupa ile ya chungu, ukasimama mbele ya darasa, ukarudi nyumbani umefurahi kwamba mwalimu alimpenda koko. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba koko anapendwa akiwa hana viatu. Halafu ukakua, ukachora ulichofundishwa, na mimi nikakutukana kwenye gari.

Nimekwenda kukoroga sombe. Nimerudi.

Sasa sikia jambo ambalo hata Mama Goreti halijui. Jana mlipokuwa mmetoka nilivuta kochi, nikaifungua ile picha uliyochora, nikaiangalia vizuri. Sikuwa nimeiangalia. Nilikuwa nimeangalia chungu na miguu tu, kama mtu anayejitafuta madoa. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

Uso ule si wa huzuni.

Yule mwalimu wako na mkono wake kifuani amekosea, tena sana. Ile fotografia ni ndogo, imefifia, uso wangu humo ni kivuli. Lakini wewe umechora mdomo umebanwa upande mmoja, na hili jicho la kushoto limeinuka kidogo. Mapendo, huo ni uso wangu wa hasira. Huo ni uso wa mtu aliyevuliwa viatu, anamwona mtoto wake anavikokota kwenye vumbi, na hawezi kugeuka kumkemea kwa sababu ana chungu cha watu kichwani. Mimi nilikuwepo, najua. Nani alikuambia? Hakuna aliyekuambia. Umeutoa wapi? Umeutoa hapa jikoni, miaka yote unaniona nikibana mdomo hivyo baba yako akiingia na buti zenye tope. Mkono wako ulijua kile ambacho mimi nilikuficha.

Wale wa Paris hawakumjua yule wa sinia akikasirika anafananaje. Hawakukaa naye jikoni. Hiyo ndiyo tofauti uliyoshindwa kunijibu kwenye gari, nami nakujibia.

Kwa hiyo usiniambie habari ya uuguzi kwa sababu ya ulimi wangu. Kama unautaka kwa moyo wako, jifunze kwanza kutoanguka. Lakini ukiacha rangi kwa sababu umegundua kwamba mchoraji anaweza kumwonea mtu, basi utakuwa umewaachia rangi wale wasiogundua. Wao hawatupi masanduku yao. Wanalala usingizi mzuri.

Hata yule mchoraji wa bafuni usimtupe mzima. Rudi pale, hutakuwa mbali tena, simama mbele ya lile sinia la shaba mpaka ujue alilifanyaje ling'ae. Umwibie hilo. Yeye aliiba mengi, hatasema kitu.

Na ukitaka kumchora mtu, kaa naye kwanza. Muulize anataka aonekane vipi. Atakudanganya, atataka saa na maua ya plastiki na ndege inapita juu. Mchore na uongo wake, halafu endelea kukaa, ukweli utakuja wenyewe akisahau kwamba upo. Sijui kama huko chuoni wanafundisha hivyo. Mimi sijasoma, nakuambia tu namna ninavyotaka kufanyiwa.

Baba yako nimempigia simu pale kanisani, nimemwambia jambo moja tu, kwamba kesho hatuondoki alfajiri. Alinung'unika habari ya foleni ya Houston. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniharibia viatu, akanyamaza. Hakujua nazungumzia nini, lakini alinyamaza, ni mtoto mzuri.

Vile vya babu yako viliishia kambini, kisigino kilikatika kwenye tope. Umekuwa ukiniuliza kwa nini kila viatu vyangu vya kanisa vinapochakaa nanunua vyekundu tena, na mimi nakujibu shika adabu yako. Sasa unajua.

Nitalala mapema leo. Sitaki kuzungumza jambo hili kwa mdomo, nitaanza kukaripia na itaharibika. Karatasi hizi nakuwekea juu ya mto wako. Nakupenda, hilo ulijue bila kulirudia kwenye simu kila siku kama watoto wa hapa.

Kesho ukiamka usipakie kitu. Osha brashi zako ile njano itoke. Fungua ile shuka, lete picha hapa jikoni kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nitakuwa nimekaa, nimevaa blauzi ya kwaya. Chungu kitoe kichwani pangu, ukiteleke kwenye mafiga kwa Mama Goreti, na maharage yawemo, asije akanidai mpaka mbinguni. Bidoni iweke pembeni, ya njano, umebakiwa na njano ya kutosha. Uso usiuguse. Ukienda kuitundika picha mlangoni na yule mwalimu akasema huzuni, mwambie huyo ni koko yangu, amekasirika.

Viatu vyangu viko juu ya sanduku lako la rangi. Anza na miguu.

Koko yako